Kamera Imenyamaza: Kabla ya Kubonyeza Kile Kitundu

Somo letu safari hii linahusu kifaa ambacho zamani hatungekifikiria katika ukurasa huu: kamera ya ulinzi. Siku hizi utaikuta imefungwa juu ya mlango wa duka la kikundi, kwenye mlingoti wa pampu ya sola, hata kwenye ghala la mahindi. Na swali linaloletwa kwangu ni moja tu, kwa sauti nyingi: "Kamera yetu haionekani tena kwenye simu. Tufanyeje?" Kabla sijajibu, mwulizaji mwenyewe huongeza: "Tena tulishabonyeza kile kitundu cha nyuma, lakini wapi!"

Basi tuanze na hicho kitundu, maana kimeleta matatizo mengi kuliko yale kiliyoyaponya.

Yaliyotokea shambani

Kuna kikundi kimoja cha akina mama ninachokitembelea, upande wetu wa Garissa. Wanalima vitunguu, tikiti maji na sukuma wiki kando ya mto kwa pampu ya sola. Paneli zao mbili zilipoibwa, walichanga pesa wakanunua kamera inayotumia laini ya simu, yenye kipaneli chake kidogo cha sola. Fundi kijana akaja kutoka mjini, akaifunga, akawaonyesha picha kwenye simu ya katibu, akalipwa, akaenda zake. Miezi minne mambo yalikuwa mazuri.

Kisha Ijumaa moja picha ikakatika. Kijana wa hapo jirani akamwambia mlinzi, mzee wa miaka sitini na zaidi, "Mzee, chukua sindano, bonyeza hapo nyuma mpaka iseme." Mzee akabonyeza. Kamera ikasema kweli, kwa Kiingereza, kwamba iko tayari kuunganishwa. Tangu hapo ikawa haimjui mtu yeyote. Katibu akifungua simu yake, hakuna kitu. Wakampigia fundi, hapatikani. Baadaye walisikia ameenda Uarabuni kutafuta kazi.

Mimi nilifika siku ya kumi. Nilitoa laini kwenye kamera, nikaitia kwenye simu yangu, nikauliza salio. Bando lilikuwa limekwisha. Ndiyo hiyo tu ilikuwa shida, tangu ile Ijumaa. Kamera yenyewe haikuwa na ugonjwa wowote.

Lakini usiku wa saba, kamera ikiwa kipofu, mtu alikata waya wa shaba wa pampu akaubeba. Na kwa kuwa mzee ndiye aliyebonyeza, maneno yakaanza. Ati alijua anachofanya. Ati aliizima makusudi. Niliuliza kama kamera ilikuwa na kadi ya memori, kwa sababu kamera yenye kadi huweza kuendelea kurekodi hata mtandao ukikatika, na huenda tungemwona mwizi. Tulifungua kile kifuniko tukakuta mahali pa kadi ni patupu. Hakuna aliyewaambia wanunue. Mpaka leo hakuna aliyethibitisha lolote juu ya yule mzee, wala kumsafisha. Aliacha kazi mwenyewe, hata mshahara wa nusu mwezi hakuja kuudai.

Ndiyo sababu nimeliandika somo hili kwa urefu.

Kuwasha upya si sawa na kuriseti

Watu wengi huchanganya mambo haya mawili. Kuwasha upya ni kuizima kamera, kungoja kama dakika moja, kisha kuiwasha tena. Ni kama mtu aliyechoka ukamwambia alale kidogo. Akiamka anakumbuka jina lake, nyumba yake na watoto wake. Jambo hili halina hatari, na mara nyingi linatosha.

Kuriseti ni kuirudisha kamera ilivyotoka kiwandani. Inasahau jina la mtandao wenu, inasahau neno la siri mliloliweka, inasahau saa ya kwetu na mipango yote. Mwenye kubonyeza lazima awe na mtu aliye tayari kuifundisha upya hayo yote, siku hiyo hiyo. Kama mtu huyo hayupo, usibonyeze. Bora kamera iliyokatika mtandao lakini bado inarekodi kwenye kadi, kuliko kamera iliyosahau kila kitu.

Kuna wakati kuriseti ndiyo dawa ya kweli. Neno la siri la kamera limepotea kabisa. Kamera imenunuliwa kutoka kwa mtu mwingine. Mmebadilisha ruta, na kamera haina njia nyingine ya kupokea mtandao mpya. Au imeganda, umeizima na kuiwasha mara kadhaa, bando lipo, mnara upo, na bado haijibu. Nje ya hayo, tafuta sababu kwanza.

Sababu ziko wapi?

Anza na umeme. Angalia kama kuna taa yoyote inayowaka kwenye kamera. Kama ni ya sola, panda uitazame paneli. Hapa kwetu vumbi ni adui mkubwa, na kinyesi cha ndege ni adui wa pili. Kitambaa chenye maji safi kinatosha. Usisugue kwa mchanga kama sufuria. Angalia pia mti uliokua ukaleta kivuli, na waya ulioguguniwa na panya. Tena kamera nyingi zimetengenezwa kuvumilia joto la hewa mpaka nyuzi 50 hivi. Jua la Garissa likipiga bati mchana kutwa, kamera iliyobandikwa kwenye bati hilo inaungua zaidi ya hapo, halafu inajizima saa nane mchana na kuamka jioni. Hiyo si shida ya mtandao wala haiponi kwa kuriseti. Ihamishie mahali penye kivuli, au uitengenezee kipaa kidogo.

Pili ni mnara. Simama chini ya kamera na simu yenye laini ya kampuni ile ile inayotumiwa na kamera. Je, simu yako inapata mtandao? Katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera minara ya simu imewahi kulipuliwa na washambuliaji, na vijiji vikakaa kimya kwa muda mrefu. Mnara ukiwa umezimika, hata ukibonyeza kamera mpaka sindano ivunjike hutapata kitu. Angalia pia herufi zilizo juu ya kioo cha simu. Ikiandika E, au 3G, wakati kamera yenu imetengenezwa kwa 4G peke yake, kamera haitaunganika mahali hapo. Kuipandisha mita chache juu, au kuigeuzia upande wa mnara, huleta nafuu wakati mwingine.

Tatu ni bando, na hapa nitakaa kidogo, kwa maana ndipo wengi wanapoanguka. Kamera haina kioo cha kukuandikia kwamba bando limekwisha. Inanyamaza tu. Sasa tufanye hesabu. Kamera inayotuma picha kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde hutumia karibu megabaiti 450 kwa saa moja ya kutazamwa. Saa mbili na robo, gigabaiti 1 imekwenda. Kikundi kikiwa na wanachama sita na kila mmoja anaifungua jioni "kuangalia tu shamba letu," mara nyingi kila simu huvuta picha zake, na bando la mwezi linakwisha kwa wiki. Nimeona kikundi kikilaumu kamera kumbe wanaoimaliza ni wao wenyewe, tena kwa upendo. Chagueni watu wawili wa kuitazama, na wengine wapokee taarifa tu wakati kamera inapoona mtu akipita.

Kuangalia bando, toa laini, itie kwenye simu, uulize salio. Ukiwa hapo hapo, hakikisha laini haidai namba ya siri inapowashwa, kwa sababu kamera haina vidole vya kuiandika. Na uulize laini hiyo imesajiliwa kwa kitambulisho cha nani. Kama ni cha fundi, mko mikononi mwa fundi.

Kwa wale wenye waifai, kwa mfano katika zahanati, shule au duka la mjini, kuna mawili ya kuangalia. Je, kuna mtu aliyebadilisha neno la siri la waifai? Kamera haitajua mpaka iambiwe. Na je, ruta inatoa mawimbi ya gigahezi 2.4? Kamera nyingi za bei nafuu husikia hayo tu, hazisikii yale ya gigahezi 5. Mtu analeta ruta mpya, simu zote zinashika, kamera inakataa, watu wanasema imekufa. Ipo hai. Fungua mawimbi ya 2.4 kwenye ruta na itashika.

Kamera ni ya nani kwenye simu?

Hapa ndipo penye fundo la somo. Kamera nyingi za siku hizi hufungwa kwenye akaunti ya mtu aliyeiunganisha mara ya kwanza. Akaunti hiyo ni namba yake ya simu au barua pepe yake, pamoja na neno la siri analolijua yeye. Wengine huonyeshwa picha kwa ruhusa yake tu. Ukiriseti kamera ya namna hii na kujaribu kuiunganisha na simu nyingine, programu inaweza kukataa, ikisema kifaa hiki tayari ni cha mtu mwingine. Hii imewekwa ili mwizi akiiba kamera asiweze kuitumia. Lakini inawafunga na wenyewe pia, ikiwa mwenye akaunti ni fundi aliyesafiri, au katibu wa zamani aliyeondoka na hasira.

Kwa hiyo kabla ya kitu chochote, mwulize aliyeifunga: imefungwa kwa akaunti ya nani? Kama ni yake, aifute kamera kwenye programu yake mbele yenu, nanyi muiunganishe kwa akaunti ya kikundi. Fanyeni hivyo siku ile ile ya kufunga, kabla hajalipwa salio lake. Sisemi mafundi ni wabaya. Fundi hutumia simu yake kwa kuwa ndiyo iliyo mkononi, kisha anasahau. Akipotea, hifadhini risiti na namba iliyoandikwa mwilini mwa kamera, maana mtengenezaji akiombwa kuifungua huenda akataka uthibitisho kwamba ni yenu.

Wenzetu wa ng'ambo, upande wa Tana River, watakumbuka mafuriko ya Novemba 2023, barabara ya Garissa kwenda Madogo ilipofunikwa na maji na watu wakavushwa kwa mashua. Wakati kama huo fundi wa mjini hafiki, hata ukimwahidi mara mbili. Lazima kikundi kiwe na watu wake wawili wanaoweza kuifanya kazi hii. Na kazi yenyewe si ngumu.

Kubonyeza kwenyewe

Basi mmeangalia yote, na mmeamua kuriseti. Toa kwanza kadi ya memori uiweke mahali salama. Kwa kawaida kuriseti hakufuti kadi, lakini wakati wa kuunganisha upya programu inaweza kukuuliza kama isafishe kadi, na mtu asiyesoma vizuri akakubali. Picha za wiki nzima zimekwenda.

Kamera iwe imewashwa. Wapo wanaobonyeza kamera iliyozimwa wakishangaa mbona haisemi. Iwashe, ngoja dakika moja au mbili iamke kabisa. Tafuta kitufe, kwenye nyingine ni kitundu cha kuingia pini ya kutolea laini, kwenye nyingine kimefichwa chini ya kifuniko cha mpira, pembeni ya kadi. Usichanganye na tundu la kipaza sauti, ambalo linafanana nalo sana. Ukichoma hilo umeiua sauti. Kitufe cha kweli utakisikia kikishuka kidogo chini ya pini. Kishikilie bila kuachia sekunde tano mpaka kumi, mpaka isikike sauti au taa ibadilike. Kamera hazilingani, kwa hiyo karatasi ya maelezo iliyokuja nayo ndiyo yenye neno la mwisho. Msiitupe ile karatasi, wala msifungie sukari.

Sasa fungua programu kwenye simu ya kikundi, chagua kuongeza kifaa. Kwa kamera ya waifai, simu iwe kwenye waifai ile ile utakayoipa kamera. Andika neno la siri polepole. Herufi kubwa na ndogo si kitu kimoja. Programu nyingine itakuonyesha ile picha ya mraba yenye vidoti vyeusi. Igeuzie mbele ya jicho la kamera, umbali wa shibiri moja hivi, mwanga wa kioo ukiwa mkali, usitikise mkono. Kamera ikiisoma italia au itasema. Kwa kamera ya laini ya simu, mara nyingi unapiga picha ya vidoti vilivyobandikwa kwenye kamera yenyewe, kisha unangoja. Fanya kazi hii kamera ikiwa mezani karibu na ruta, si wewe ukiwa juu ya ngazi.

Ikishaamka

Watu wakiona picha imerudi hupiga makofi na kwenda nyumbani. Ngojeni kwanza.

Kamera iliyorisetiwa imerudia neno la siri la kiwandani, na kwa kamera za zamani neno hilo hujulikana na dunia nzima. Mwaka 2016 ilitokea programu mbaya iliyoitwa Mirai. Ilikuwa ikizunguka kwenye intaneti ikijaribu orodha ya majina na maneno ya siri ya kiwandani, zaidi ya jozi 60, kwenye kamera na ruta za watu. Iliyofunguka ikawa mtumwa wake. Tarehe 21 Oktoba 2016 jeshi la vifaa vya namna hiyo lilishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na mitandao mikubwa kama Twitter na Netflix ikawa haifunguki kwa saa kadhaa kwa watu wengi. Jambo la kutufaa sisi ni hili: kamera iliyoambukizwa ilipona kwa kuzimwa na kuwashwa, lakini kama neno la siri lilibaki la kiwandani, iliambukizwa tena muda si mrefu. Wenye kamera hizo hawakujua lolote. Kwa hiyo badilisheni neno la siri kabla kamera haijarudi mlingotini. Lisiwe jina la kijiji, wala 123456.

Halafu saa. Kamera nyingi hutengenezwa China, na zikirisetiwa nyingine hurudia saa ya Beijing, iliyo mbele ya yetu kwa saa tano. Mwizi aliyeingia saa saba usiku ataandikwa kwamba ameingia saa kumi na mbili asubuhi, wakati mlinzi wenu alikuwa ameshakwenda kunywa chai. Hebu fikiria picha hiyo ikifika polisi. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, inakubali rekodi za elektroniki, lakini inataka cheti kinachoeleza zilivyopatikana na mtambo uliotumika. Saa yenye makosa ni mlango wa kutokea kwa mwenye hatia, na ni kamba ya kumfungia asiye na hatia. Wekeni saa ya Afrika Mashariki na kuilinganisha na simu.

Mwisho angalieni inatazama wapi. Kamera zinazozunguka hujigeuza zinapoamka, na huenda zikasimama upande mwingine. Iliyokuwa ikilinda pampu sasa inatazama njia ya akina mama wanaoteka maji na kuoga mtoni. Jambo hili limeleta ugomvi mahali, na wenye kulalamika walikuwa na haki. Tangu Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, picha ya mtu inayomtambulisha ni habari yake binafsi, na kikundi kinachoirekodi kina wajibu juu yake. Bandikeni kibao kwa Kiswahili na Kisomali kwamba hapa pana kamera, na igeuzeni isione zaidi ya mali yenu.

Kazi ya kufanya mkutanoni

Mwenyekiti aombe daftari la kikundi, na katibu afungue ukurasa mpya. Iandikwe tarehe ya kufunga kamera, namba ya laini na jina lililosajiliwa, akaunti ni ya nani, siku bando linapokwisha, na majina ya wawili wanaoruhusiwa kubonyeza. Neno la siri lisiandikwe humo. Liwekwe katika bahasha iliyofungwa, ndani ya sanduku la pesa lenye kufuli tatu, kwa kikundi kilicho nalo. Kila kamera inaporisetiwa, iandikwe siku, saa, sababu na aliyefanya, naye atie sahihi au kidole gumba.

Kisha mjadiliane maswali haya:

Kamera yetu ikinyamaza usiku wa leo, nani atajua, na kwa muda gani?

Fundi wetu akisafiri kesho, ni kitu gani cha kikundi kitakachosafiri naye ndani ya simu yake?

Mali ikipotea wakati kamera haioni, tutamuuliza mlinzi kwa utaratibu gani kabla mtu yeyote hajamtaja kwa jina?